Tutazikwa Wapi?



Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu tunapenda kulizungumza jambo ambalo katika nyumba zetu hapa Tottenham likianza kutajwa, mmoja husema "tumwachie Mungu," na mazungumzo yakahamia kwenye chai. Nalo ni hili: siku amri ya Mwenyezi Mungu itakapotufika, tuzikwe wapi?

Kuachia si kugeni kwetu. Tuliziacha Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na Barawa. Mtoto tuliyemfanyia akika, akiwa na miaka minne tukampeleka skuli, naye akarudi na lugha nyingine kinywani, tukashukuru. Alipofika miaka kumi na minane akaenda chuo Leeds au Manchester na sufuria mbili na msala wake. Tukalia pale kituo cha basi, kisha tukashukuru. Binti tulimwoza, na chumba chake sasa kimejaa magunia ya mchele. Yote hayo tuliyastahimili kwa kujua kwamba watoto ni amana. Lakini kaburi la nyumbani hatujaliachia. Tumelishikilia tangu siku masanduku yalipopandishwa juu ya kabati, na kila mwaka tukisema mwakani tunarudi.

Kwetu, afaye asubuhi huzikwa alasiri. Hapa daktari huandika cheti cha sababu ya kifo, na tangu tarehe 9 Septemba 2024, katika Uingereza na Wales, daktari mwingine mchunguzi hukipitia, isipokuwa pale maiti inapokuwa mikononi mwa hakimu wa kuchunguza vifo. Kisha msajili hutoa karatasi ya kijani, ndipo maziko yawezekane. Anayetaka kuisafirisha maiti ana hatua zaidi: hakimu huyo hupelekewa taarifa, na mara nyingi mwili hutiwa dawa na kufungiwa ndani ya sanduku lililozibwa. Ikiwa mauti yamefika Ijumaa jioni, hesabuni siku wenyewe.

Na tumefundishwa kuharakisha. Tena maulamaa wa Kishafii, akiwemo Imamu Nawawi, wamekataza kuihamisha maiti kutoka mji ilipofia, ila kwa aliye karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis. (Wenzetu Maibadhi wawaulize masheikh wao, hatutaki kuwasemea.) Sahaba Abu Ayyub al-Ansari, aliyempokea Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake Madina, kaburi lake liko Istanbul. Na karibu nasi zaidi, Seyyid Jamshid bin Abdullah, siasa zake tuziweke kando, aliondoka Zanzibar Januari 1964, akaishi Portsmouth zaidi ya nusu karne, akahamia Omani mwaka 2020, na huko ndiko alikofariki tarehe 30 Desemba 2024. Alizaliwa Unguja, na alikuwa Sultani.

Makaburi ya Waislamu hapa hayakosekani. Hainault, upande wa Ilford, yapo ya Gardens of Peace yaliyofunguliwa mwaka 2002. Brookwood, huko Surrey, ni makaburi ya tangu mwaka 1854, na Waislamu wengi wamelazwa humo.

Tunajua linalouma. Kuna bibi yetu mmoja, jirani wa Seven Sisters, ambaye haogopi udongo wa huku hata kidogo. Anachoogopa ni kuwa Alhamisi hapatakuwa na mtu wa kuja kumsomea Yasini. Hatuwezi kumcheka kwa hilo. Lakini tumuulize kwa upole: huko Chake Chake nani amebaki? Ndugu zake wametangulia, na nyumba ina wapangaji. Wajukuu wake wako hapa. Hainault watafika kwa gari Jumapili asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri. Chake Chake watafika mara moja katika miaka mitano, wakijaliwa nauli.

Mwenye hamu ya nyumbani, basi na arudi akiwa hai. Fedha zilizowekwa kwa ajili ya sanduku afadhali zinunue kiti cha ndege, akae miezi miwili, azuru makaburi ya wazee wake, ale embe, agombane na wapangaji. Hiyo nayo ni shukrani.

Walio na uamuzi wauandike. Waseme wanataka kuzikwa wapi, nani awaoshe, nani wanamdai na nani anawadai, na fedha za maziko ziko kwa nani. Tumeona watoto wakibishana kwenye ngazi za hospitali, mmoja akisema Mama alitaka Pemba, mwingine akisema hakuwahi kusikia hilo, na maiti ikingoja. Karatasi hiyo isifichwe chini ya godoro. Akabidhiwe mtoto mkubwa, na asomewe kwa sauti mbele ya nduguze, kwani wengine wao hawausomi mwandiko wetu.

Wabillahi tawfiq.