Kabla ya Kuidai Serikali, Tufunge Milango Yetu

Makamanda, tukitaja faragha mtandaoni, wengi wetu akili inakimbilia VPN na kufungiwa kwa X. Sawa, hayo yapo. Ila hatari kubwa ni ya kawaida zaidi: taarifa zako kukaa mahali ambapo hazikutakiwa kukaa.

Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti madai yaliyotolewa kwenye baraza la kazi jijini London. Mpelelezi wa zamani wa Millicom, iliyomiliki Tigo wakati ule, alidai kwamba kampuni hiyo iliipa serikali taarifa za simu ya Tundu Lissu, pamoja na mahali alipo, wiki kadhaa kabla hajapigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Kwa madai hayo, hakuna aliyehitaji kudukua kitu. Taarifa zilikuwepo, zikatakiwa, zikatolewa.

Sasa njoo hapa Uyole. Msimu wa maombi ya mkopo wa chuo ukifika, steshenari za njia panda zinajaa. Kijana anamtajia mwenye duka neno la siri, fomu inajazwa, analipa, anaondoka. Akaunti imebaki wazi, kwa sababu kompyuta imehifadhi kidakuzi, yaani alama inayoiambia tovuti kwamba huyu ni yuleyule. Atakayekaa kiti kile baadaye, kwa tovuti ile, ndiye wewe.

Watasema vijana wazembe. Nakataa. Tovuti iliyojengwa vizuri inajua kwamba Watanzania wengi wanatumia kompyuta ya duka na simu ya kuazima. Inafunga akaunti yenyewe ukikaa kimya muda mfupi. Ukibonyeza "ondoka", inaifuta ruhusa yako kwenye seva, siyo kwenye kioo tu. Inakuonyesha vifaa vyote vilivyo ndani ya akaunti yako. Na kurasa zake zote zinapita kwa HTTPS, ili mwenye Wi-Fi asisome unachoandika, ingawa bado anaweza kuona umetembelea tovuti gani.

Kisheria, hoja ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inahesabu mawazo ya kisiasa kuwa taarifa nyeti. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri la Tito Magoti, ilikuta baadhi ya vifungu vyake haviendani na Katiba. Kwa hiyo sheria hii inapiganiwa, na inafaa kupiganiwa.

Lakini nyani haoni kundule. Sisi wenyewe tunasajili wanachama kidijitali: jina, simu, kata, tawi. Orodha hiyo ikivuja, anayeumia ni mama wa Uyole anayeuza viazi sokoni, ambaye mtendaji wa kata anamfahamu kwa jina.

Nadai mambo matatu kwa viongozi wetu. Mfumo uchukue taarifa zile tu zinazohitajika. Kiongozi wa tawi aone wanachama wa tawi lake, basi. Na kila anayefungua daftari, jina lake na saa viandikwe.

Ujumbe wa Mbeya ulipeleke hili kwenye kikao kijacho cha Kanda ya Nyasa. Taarifa ambayo hatukuikusanya, hakuna atakayetulazimisha kuitoa.