Njia ya Miguu Nayo ni Njia

Msomaji wetu wa Visiwani anapolisikia jina la Tunduma, kwa kawaida hukumbuka malori: msururu mrefu wa malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, na vumbi, na madereva waliozoea kulala chini ya magari yao. Picha hiyo ina ukweli wake, ijapokuwa mwaka 2019 kilifunguliwa pale kituo cha pamoja cha forodha ili kuwapunguzia adha hiyo. Lakini Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, hauishi kwa lami peke yake. Ukiiacha barabara kuu pale Mpemba ukashika njia ya Ileje, kisha ukaiacha hata hiyo, utaukuta mkoa wenyewe: vilima vinavyoshuka kuuelekea Mto Songwe na mpaka wa Malawi, mashamba ya kahawa, maharage na viazi yaliyoning'inia katika miteremko, na baina yake vijia vyekundu, upana wa hatua moja, ambavyo hakuna gari lililopata kuvipita.

Katika vijia hivyo mzigo huchukuliwa kwa baiskeli. Hatusemi kwamba baiskeli hupandwa, husukumwa. Kijana hufunga magunia kwenye keria, akaegemeza kifua na kuisukuma mpaka kileleni. Mteremko ukifika kazi huwa ngumu zaidi, maana breki za baiskeli ya kawaida hazikuundwa kuzuia kilo mia, na wengi hufanya kisigino cha kandambili kuwa ndiyo breki. Tulimkuta mmoja wao amepumzika njiani karibu na Itumba. Alitupa shikamoo, nasi tukamwuliza anakwenda umbali gani. Akajibu, "Ni hapo tu, mzee." Hiyo "hapo tu" yake, tulipokuja kuipima kwa miguu yetu wenyewe, ilikuwa mwendo wa saa tatu.

Tumemkumbuka kijana yule kwa sababu ya chombo kinachozidi kuenea duniani, nacho ni baiskeli ya milimani inayosaidiwa na umeme. Wako wanaoichanganya na pikipiki, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Baiskeli hii ina pedeli na mnyororo kama nyingine yoyote, na ile iliyo ya kweli mpandaji asipokanyaga mota nayo hunyamaza. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mota hiyo haitakiwi kuzidi wati 250, na huacha kusaidia mwendo ukifika kilometa 25 kwa saa. Betri ya kawaida hubeba kiasi cha nusu uniti ya umeme. Uniti nzima, kwa bei ya majumbani huku Bara, ni shilingi mia chache tu. Kwa hiyo kuijaza betri ile ni gharama ndogo mno. Kwenye njia tambarare hufika kilometa hamsini na zaidi. Kwa mlima na mzigo umbali huo hupungua sana, na mwuzaji asiyesema hivyo asiaminiwe.

Huko ughaibuni chombo hiki ni cha starehe. Mwaka 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani ilitoa amri ya kuziruhusu baiskeli za umeme katika njia za hifadhi ambazo baiskeli za kawaida zilikuwa tayari zinapita, na wako waendao kwa miguu na wapanda farasi waliolalamika kwamba utulivu wao umeingiliwa. Hatuna haja ya kuamua ugomvi ule. Tunachotaka kionekane ni kwamba wenzetu wana njia za kugombania. Njia zao zina majina, ramani, walinzi na kanuni. Hata kwetu, mlimani Kilimanjaro, iko njia ya Kilema ambayo watalii huipanda kwa baiskeli. Lakini kijia anachopita kijana wa Ileje na gunia lake kimeandikwa katika daftari gani?

Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017, unasimamia mtandao wa zaidi ya kilometa 144,000. Hiyo ni kazi kubwa na hatuidharau hata kidogo. Hata hivyo, barabara kwa hesabu za ofisini ni mahali panapopita gari. Kijia kisichopitisha gari, hata kikiwa ndicho kinachoifikisha kahawa ya kijiji kizima kwenye chama cha msingi, hakitengewi fungu. Mvua za Novemba mpaka Aprili hukichimba kikawa mfereji, gogo lililowekwa juu ya kijito huoza, na wananchi hulibadilisha kwa msaragambo wakati wanapokumbuka, au baada ya mtu kuvunjika mguu.

Sasa, chombo kipya kikishuka juu ya njia iliyo katika hali hiyo, hakitakuwa na faida. Tairi pana lenye mota nyuma yake hufukua udongo uliolowa, maji hufuata alama ya gurudumu, na msimu wa pili njia haipo tena. Kwa hiyo tunasema njia itangulie: mifereji midogo ya kukata maji kila hatua kadhaa, mawe yaliyopangwa penye mwinuko mkali, daraja la upana wa mtu na mzigo wake. Kazi hiyo haihitaji katapila. Inahitaji ofisa wa halmashauri mwenye futi ya kupimia, na aliye tayari kuvua viatu.

Tumesikia pia, mpakani, hoja nyingine yenye uzito. Baadhi ya watumishi wanahofia kwamba baiskeli isiyo na mlio itakuwa zawadi kwa wapitaji wa njia za panya. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa kuwa mapato ya forodha ndiyo yanayojenga shule na zahanati. Lakini magendo yamepita Tunduma kwa kichwa, kwa mkokoteni, kwa pikipiki na kwa lori lenye nyaraka safi kabisa, na hatujasikia mtu akipendekeza lori lipigwe marufuku. Kinachokosa ni bidhaa iliyokwepa ushuru pamoja na aliyeikwepesha. Mwanamke anayevusha madebe mawili ya mahindi kwa baiskeli yake mchana kweupe hastahili kutazamwa kama mhalifu kwa sababu tu hakuja na injini.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati ambapo hakuna aliyeota baiskeli ya namna hii. Tunaogopa jambo moja: kwamba askari, kwa kukosa mwongozo ulio wazi, ataona mota na kudai leseni, bima na kofia, na mkulima atairudisha baiskeli dukani. Wati 250 na kilometa 25 ni kipimo kinachofaa kuazimwa. Chini ya hapo iwe baiskeli, juu ya hapo iwe pikipiki. Kuhusu kodi, majirani wametutangulia. Rwanda mwaka 2021 ilipunguza kodi za vyombo vya umeme, na Kenya ikafuata mwaka 2023 kwa kuziondolea baiskeli hizo mzigo wa kodi ya ongezeko la thamani. Huko Jinja, Uganda, chama cha FABIO kimezijaribu kwa mizigo na kwa wagonjwa, yaani kwa shida za watu wa kawaida.

Bei bado ni kikwazo, na hatutaki kumdanganya mtu. Baiskeli nzuri ya aina hii huuzwa Ulaya kwa Euro elfu kadhaa, fedha ambazo mkulima wa Mbozi hazioni kwa msimu mmoja. Ndiyo maana tunafikiri mnunuzi awe chama cha ushirika, na fundi awe yule yule wa kijijini, aliyefundishwa kuitengeneza mota ya kwenye gurudumu. Watu wa rika letu wanaikumbuka Swala, baiskeli iliyotengenezwa na kiwanda cha NABICO hapa hapa nchini. Tena mwenye kuleta betri alazimishwe kuzichukua zikichakaa, zisije zikatupwa mtoni.

Na ndugu zetu wa Pemba wasidhani tunazungumza ya mbali. Karafuu nazo hutoka mashambani kwa vijia vya namna ile ile, katika vilima vya udongo mwekundu ule ule, na umeme umevuka bahari kutoka Tanga kwa waya tangu mwaka 2010. Halmashauri na mabaraza, Bara na Visiwani, huandaa makadirio yao kabla ya Juni. Safari hii tungependa kuuona ndani yake mstari mmoja ulioandikwa "njia za miguu", na tarakimu mbele yake.