Cherehani za ghalani zifufuliwe, zisiuzwe kwa kilo

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliukumbuka usemi huo hivi majuzi nilipoalikwa na rafiki yangu, mwalimu mkuu wa shule moja ya kutwa katika viunga vya Sotik, nimsaidie kukagua ghala la shule kabla ya vifaa vikuukuu kuondolewa. Tulipofika, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kutangulia, mizani yake ikining'inia kwenye mti. Ndani ya ghala, nyuma ya madawati yaliyovunjika na mabati yaliyotoboka, tulizikuta cherehani saba za kukanyaga kwa miguu, zimefunikwa na vumbi na utando wa buibui. Mnunuzi alitaka kuzichukua kwa kilo, bei ile ile ya mabati.

Nilimwomba mwenzangu asubiri. Alinitazama kwa mshangao, akaniuliza, "Mwalimu, wewe waziona za kazi gani hizi?" Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa walimu wakuu wengine ambao huenda wana ghala kama lile.

Kwanza tujiulize: cherehani hizi zilifikaje huko? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, serikali ilisema kwamba mtoto wa Kenya angetoka shuleni akiwa na ujuzi mikononi, si vyeti tu. Sayansi kimu, sanaa na ufundi yakawa masomo ya mtihani. Wazazi, wengi wao wakiwa wakulima wadogo wa chai na wafugaji, waliitwa kwenye harambee baada ya harambee ili karakana zijengwe na vifaa vinunuliwe. Ghala nililolisimulia lilikuwa karakana ya ushonaji. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo yalipopunguzwa na hayo ya vitendo kuondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, mlango ulifungwa. Somo lisilotahiniwa halina mwenyewe katika shule zetu. Cherehani hazikuharibika kwa kutumiwa. Ziliharibika kwa kuachwa.

Leo tumo katika mfumo mwingine. Mtaala wa umilisi ulifanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019. Gredi ya 7 ikaanza mwaka 2023, na Januari 2026 kundi la kwanza likaingia Gredi ya 10. Ahadi yake, msomaji, unaijua: mtoto atatenda, si kukariri tu. Lakini ukiwasikiliza walimu wa Sekondari Msingi, wimbo wao ni mmoja: hakuna vifaa. Mwalimu huchora mashine ubaoni, wanafunzi wakainakili daftarini, somo likaisha. Si kinaya basi kwamba hatua mia moja kutoka ubao huo mashine halisi inapimwa kwa kilo?

Sikutaka kubishana kwa maneno matupu. Katika soko la Sotik yuko mzee mmoja ambaye amekuwa akishona barazani tangu nilipokuwa kijana. Nilimwomba aje shuleni Jumamosi. Alikuja na bisibisi mbili, brashi, chupa ya mafuta ya taa na kopo la mafuta laini ya cherehani. Alishika gurudumu la cherehani ya kwanza, akajaribu kulizungusha, likakataa. Mwalimu wa zamu akasema, "Hii imekufa, mzee." Naye akajibu bila kugeuka, "Haijafa, mwalimu. Imekauka mafuta."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo vitabu vingi vya shule havisemi. Kinachofunga mashine za aina hii mara nyingi si kutu bali ni mafuta yaliyogeuka ulimbo. Pengine mtu aliipaka mafuta ya kupikia akidhani kwamba mafuta ni mafuta. Hayo hukauka na kuwa gundi. Dawa yake ni mafuta ya taa, yadondoshwe tone kwa tone katika kila tundu la mafuta na kila kiungo kinachocheza, kisha mashine iachwe ilale usiku kucha. Anayelazimisha gurudumu kwa nguvu siku ya kwanza huvunja kitu. Siku ya pili gurudumu husogea unywele mmoja, kisha robo, kisha mzunguko mzima. Baadaye mafuta ya taa hufutwa, na mafuta laini ya cherehani yakatiwa mahali pake, kwa maana mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi.

Lilifuata bamba lililo chini ya sindano. Lilipofunguliwa, ilitoka pamba iliyoshindiliwa kati ya yale meno yanayosukuma kitambaa, na ndani yake vipande vya uzi wa kijani, rangi ya sare ya zamani ya shule hiyo. Kanda za ngozi zinazounganisha gurudumu la chini na la juu zilikuwa zimeoza zote. Fundi alikata mpya kutoka ngozi aliyoinunua kwa mshona viatu, akaziunga kwa waya. Sindano nazo zikabadilishwa. Alituonyesha kwamba sindano ina upande bapa ambao lazima uelekee pake, kwani ukiigeuza cherehani huruka mishono, nawe utailaumu mashine ilhali kosa ni lako.

Kati ya saba, tano zilishona. Mbili, ambazo chuma chake kilikuwa kimepasuka, zilitolewa vipuri vya kuziponya nyingine. Gharama yote, pamoja na ujira wa fundi, haikukaribia bei ya cherehani moja mpya.

Nyingi za hizo tano zilitengenezwa Uchina, za aina ya Butterfly ambayo kila baraza la soko laijua. Moja ilikuwa Singer yenye kibandiko cha 15K. Hiyo K ni ya Kilbowie, mahali huko Clydebank, Uskochi, ambapo Singer ilifungua kiwanda kikubwa mwaka 1885. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Kiwanda kilichoizaa mashine hii hakipo tena, nayo ilikuwa mbele yetu ikishona pindo la aproni. Ni vifaa vingapi tunavyovinunua leo kwa ajili ya shule zetu ambavyo vitakuwa hai miaka kumi ijayo?

Wanafunzi kadhaa wa Gredi ya 8 waliokuja kuchota maji walisimama mlangoni. Fundi akawaita. Kijana wa kwanza alikanyaga kwa pupa, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajisokota na kukatika. Wenzake wakamcheka. Mzee akamwambia, "Usishindane nayo, kijana wangu. Anzisha gurudumu kwa mkono, miguu ifuate." Mara ya nne ikakubali. Msichana mmoja akauliza kwa nini gurudumu dogo la juu linakwenda mbio kuliko lile kubwa la chini. Mwalimu wake, badala ya kumjibu, alimpa rula. Alipima magurudumu yote mawili, akagawanya, akagundua mwenyewe kwamba la chini likizunguka mara moja, la juu huzunguka takriban mara nne. Hilo ni somo la hisabati, la fizikia na la ufundi kwa wakati mmoja, na lilichukua dakika kumi.

Hii ndiyo hoja yangu kuu. Thamani ya cherehani ya kukanyaga kwa mwalimu si ukale wake bali uwazi wake. Kila kitendo kinaonekana: mguu unasukuma kikanyagio, kikanyagio kinazungusha gurudumu, gurudumu linavuta ukanda, sindano inashuka na kukutana na uzi wa bobini. Hakuna kisanduku kilichofungwa kwa plastiki. Mtoto anayeweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha amejifunza kwamba mashine ni kitu kinachoeleweka. Nchi yetu imejaa watu wanaojua kubonyeza na ina uhaba wa wanaojua kutengeneza.

Katika nchi hii ya chai, suala la mashine si mchezo. Mwezi wa Mei mwaka 2023, mashine za kuchuma majani chai ziliteketezwa mashambani Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawanyang'anya riziki. Sitetei uteketezaji wa mali ya mtu yeyote. Lakini anayewaita watu hao washamba kwa kuiogopa mashine hajawaelewa. Hata Mahatma Gandhi, ambaye aliandika mengi dhidi ya mashine, alipoulizwa mwaka 1924 aliitenga cherehani na lawama zake, kwa kuwa aliiona kuwa inampunguzia mtu taabu bila kumfanya awe wa ziada. Mashine ya chai imewekwa mahali pa mikono mingi. Cherehani huiongezea mikono ya mtu mmoja uwezo, naye akabaki mwenye kazi. Kijana wa Sotik anahitaji kujua tofauti hiyo, na ataijua vyema zaidi akiwa ameketi mbele ya mashine, si akiwa amesimama kandokando ya moto.

Najua nitapingwa. Wapo watakaosema kwamba viwanda vya nguo kule Athi River vinatumia mashine za umeme ziendazo kasi, na kwamba kumfundisha mtoto kwa kikanyagio ni kumrudisha nyuma. Ni kweli kwamba anayetaka ajira kiwandani lazima ajifunze mashine ya kiwandani. Lakini shule si kiwanda. Mwenye kuelewa kwa nini uzi wa juu na wa chini lazima ulingane mvuto hatapata taabu kuhamia kwenye mashine ya umeme. Aidha, umeme wenyewe una siri zake. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi. Fundi wa baraza aliendelea kukanyaga mpaka jua lilipotua.

Wengine watasema kwamba mitumba imeua ushonaji. Hili lina uzito zaidi. Tangu soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguo kuukuu kutoka ng'ambo zilifurika, na viwanda vyetu vikaporomoka kimoja baada ya kingine: Kicomi huko Kisumu, kisha Rivatex ya Eldoret, ambayo Chuo Kikuu cha Moi kilikuja kuinunua mwaka 2007 ili kuifufua. Sidai kwamba cherehani tano zitaushinda mzigo huo. Lakini sare za shule hazitoki kwenye mitumba, na hata mitumba hupunguzwa, hupanuliwa na kutiwa zipu na fundi huyo huyo wa baraza. Mwaka 2020 barakoa zilipokuwa lazima, ni mafundi wa namna hiyo katika miji yetu midogo waliozishona kabla ya shehena kuwasili.

Kuna dhana nyingine inayofaa kung'olewa, kwamba ushonaji shuleni ni wa wasichana. Ajabu ni kwamba ukipita barazani Sotik, Kaplong au Litein utawakuta wanaume tele nyuma ya cherehani. Kazi ikiwa na malipo ni ya wanaume, ikiwa somo ni ya wasichana! Mtaala mpya usiurithi upuuzi huo.

Nini basi kifanywe? Mosi, kila mwalimu mkuu alifungue ghala lake na kuhesabu kilichomo. Mali ya shule ya umma si ya kuuzwa kienyeji mbele ya mizani. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka kamati ikae na iamue. Kamati hiyo na iulize kwanza kama kitu kimekufa au kimekauka mafuta. Pili, mafundi wa barazani waalikwe shuleni na walipwe. Wengi wao wamezeeka, na ujuzi wao haukuandikwa popote. Tatu, wanafunzi wenyewe washiriki katika ukarabati, kwani ukarabati ndio somo. Mashine ikiletwa tayari imekwisha kung'arishwa, nusu ya elimu imebaki kwa fundi. Nne, mashine zikipona zishone kitu kinachohitajika: sare iliyochanika ya mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua nyingine. Hapo wazazi waliochanga katika harambee za zamani wataona mchango wao umerudi.

Mnunuzi wa vyuma aliondoka na mabati yake, amenuna kidogo. Cherehani tano sasa ziko katika chumba chenye dirisha, na mwenzangu ameniambia kwamba orodha ya wanaotaka kujifunza imezidi viti. Tatizo lake jipya ni uzi.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mifumo ya elimu imekuja na kupita: 7-4-2-3, 8-4-4, na sasa huu wa umilisi. Kila mmoja umeanza kwa kuutupa mzigo wa uliotangulia na kuwatuma wazazi sokoni upya. Safari hii, kabla ya kuwatuma, tufungue ghala kwanza.