Kipande Kilichoshuka Mombo

Mgonjwa wa Lushoto akikatwa uvimbe wa tumbo, kipande chake huenda kikasafiri mbali kuliko yeye: hushuka kona za Mombo hadi Moshi au Dar es Salaam. Huko hukatwa vitandu vyembamba mno, vikatiwa kingamwili ili seli zinazotafutwa zigeuke rangi ya kahawia.

Kwa uvimbe uitwao GIST jambo hili ni zito. Mwaka 1998 wataalamu wa Japani walionyesha kuwa chanzo chake mara nyingi ni hitilafu ya protini iitwayo KIT, na mwaka 2002 Marekani iliidhinisha vidonge vya imatinibu kuutibu. Rangi ikikosekana kwa kosa la maabara, mgonjwa aweza kunyimwa dawa inayomfaa.

Kwa hiyo kila kioo hakina budi kubeba pia kitandu cha kidole tumbo. Humo seli za Cajal, ziongozazo mwendo wa utumbo, sharti zigeuke kahawia, na msuli usigeuke. Asiyeyaona hayo asiandike jibu.

Hata hivyo, sioni haki kuitupia maabara ya mjini lawama zote. Kingamwili haifufui kilichooza njiani. Fomalini hupenya polepole, yapata milimita moja kwa saa. Uvimbe mkubwa usipopasuliwa, kiini chake huharibika. Ukaguzi na uanzie chumba cha upasuaji kule mlimani: fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kipande, na saa ya kukata iandikwe. Chupa iliyoshindiliwa nyama hadi shingoni haitoshi, hata ikiwahi basi la alfajiri.