Afya ya Raia: Nani Mwenye Kulipa?

Kuna jambo moja ambalo tumelizoea hata halitushangazi tena. Mama amezaa salama, mtoto ni mzima, mwuguzaji amemwambia, "Sasa unaweza kwenda nyumbani." Lakini hawezi kutoka, maana hajalipa. Basi anakaa. Siku tatu, juma moja, pengine mwezi mzima. Kitanda chake hupewa mgonjwa mwingine, naye hulala chini juu ya mkeka pamoja na mtoto wake, na mlinzi wa mlango humkazia macho kila anapokwenda kuteka maji. Huko nje mume anazunguka kwa ndugu na jamaa akitafuta franka; anauza mbuzi, anauza baiskeli, anakopa kwa mwenye duka. Hospitali imegeuka gereza, na kosa la mfungwa ni kuzaa.

Mambo hayo hufanyika katika hospitali za Serikali. Tusifiche: hufanyika katika hospitali za misioni vilevile. Lakini kabla ya kumlaumu sista msimamizi, umwulize anapata wapi fedha ya glovu, ya uzi wa kushonea, ya mifuko ya damu, ya mazutu ya mashine ya umeme, na ya kuwalipa wauguzaji. Katika nchi yetu wafanyakazi wengi wa afya hawajaandikwa katika orodha ya mishahara ya Serikali. Wengine hupata primu tu, tena kwa kuchelewa. Wengine hawapati kitu. Nao wana watoto. Basi anayewalisha ni nani? Ni mgonjwa. Hulipa fishi, hulipa laboratwari, hulipa sindano, hulipa kitanda. Katika fedha yote inayotumika kwa afya nchini Kongo, karibu sehemu nne katika kumi hutoka moja kwa moja mfukoni mwa watu wa nyumbani, tena siku ileile wanapougua, yaani siku ambayo hawawezi kwenda shambani wala sokoni.

Ninasema wazi: Serikali inapaswa kutoa zaidi kwa ajili ya afya ya raia, tena zaidi sana. Si zawadi tunayoomba. Ni deni. Sheria ya msingi iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 47 kwamba haki ya afya inahakikishwa. Na kabla ya hapo, mwezi wa Aprili 2001, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kwamba kila nchi itatenga sehemu 15 katika mia ya bajeti yake kwa afya. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Kongo haijaizoea hesabu hiyo. Mara nyingi hata sehemu 10 katika mia hatuzifikii. Tena yafaa kujua kwamba fedha iliyoandikwa katika bajeti ni kitu kimoja, na fedha iliyotoka kweli katika sanduku la Serikali ni kitu kingine. Karatasi haimtibu mtu.

Wengine watasema: "Wewe unaota. Kongo haijawahi kuwa na nguvu ya kutunza watu wake wote." Basi na tuzungumze juu ya malale, maana ugonjwa huu unatufundisha kuliko hotuba yoyote.

Wazee wetu waliuogopa. Mbung'o humwuma mtu kando ya mto, mdudu mdogo sana huingia katika damu, na baada ya miezi au miaka hupanda hata ubongoni. Mtu husinzia mchana, hukesha usiku, husahau jina la mtoto wake, hukonda, hufa. Mwaka 1930 wagonjwa wapya walioandikwa katika Kongo walikuwa zaidi ya 30,000. Mwaka huohuo Wabelgiji walianzisha shirika la FOREAMI kwa ajili ya matibabu ya wenyeji. Vikosi vilikwenda kijiji kwa kijiji, vikapanga watu mstari, vikawapapasa shingo kutafuta matezi, vikatazama damu yao kwa mikroskopi, vikawachoma sindano. Kazi hiyo haikufanywa kwa upole. Watu walikusanywa kwa amri, na asiyekuja aliadhibiwa. Mkoloni alitaka mikono mizima kwa mashamba na migodi yake, wala hakujali kuwafundisha watoto wa nchi kuwa madaktari kamili, hata mwaka 1960 tukapata uhuru tukiwa na waganga wasaidizi tu. Hayo yote ni kweli, nami siwasifu. Lakini kufika mwaka 1959 wagonjwa wapya walikuwa wamebaki kama elfu moja hivi.

Halafu ikawaje? Vikosi vilipungua. Magari yaliharibika pasipo vipuri. Mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ulikata ushirikiano wake na Zaire, na fedha ya malale ikakatika pamoja nao. Hakuna aliyeijaza nafasi. Mbung'o hawakungoja wanasiasa wamalize ugomvi wao. Mwaka 1998 wagonjwa walioandikwa walikuwa zaidi ya 26,000: tumerudi karibu pale pale pa mwaka 1930! Na dawa iliyokuwapo kwa wale ambao ugonjwa umekwisha kupanda kichwani ilikuwa na sumu ya aseniki. Iliunguza mshipa, na katika watu ishirini ilimwua mmoja hivi.

Fedha iliporudi, vikosi vilirudi pia, na hesabu ikashuka tena. Sasa wagonjwa wa mwaka mzima hawafiki elfu moja. Dawa mpya ya vidonge, feksinidazole, iliyokubaliwa mwaka 2018, humezwa kwa siku kumi, na mambo ya sindano ya aseniki yamekwisha. Aliyeongoza majaribio yake ni Mkongomani, Daktari Victor Kande, na wagonjwa waliojaribiwa wengi ni wa vijiji vyetu. Basi nguvu ipo, akili ipo, watu wapo. Lakini tazama: fedha nyingi ilitoka nje. Ikikatika tena, ni nani atakayeijaza nafasi safari hii?

Hilo si swali la kubuni. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na katika mwaka uleule shirika lake la USAID likafungwa. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kabisa wa kazi za msaada katika Kongo. Wahenga walituonya: mtegemea cha ndugu hufa maskini. Sisi tumekitegemea cha watu ambao si ndugu.

Wengine wana neno jingine: "Kanisa linatosha. Misioni zina hospitali, masista wana dispensari, Waprotestanti wana zao. Mwache Bwana Serikali ajenge barabara." Neno hilo linatupendeza masikioni sisi tunaosali misioni, kwa sababu linatusifu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya hospitali na vituo vya afya katika Kongo husimamiwa na Makanisa, na katika majimbo ya Kanisa ofisi za BDOM huendesha kazi ambayo mahali pengi hakuna mwingine wa kuifanya. Lakini Kanisa halikusanyi kodi. Halichukui ushuru wa Kasumbalesa wala malipo ya madini. Padri akipitisha kikapu, atapata franka za wale wale wajane waliouza mihogo ili walipe fishi. Zaidi ya hayo, tuangalie lililotokea Yambuku mwaka 1976. Ilikuwa hospitali ya misioni, yenye masista wa moyo mkubwa, ila bila daktari, na sindano zilikuwa chache, zikatumika kwa mgonjwa huyu na huyu. Hapo ndipo Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza nchini kwetu: watu 318 waliugua, 280 wakafa, masista wenyewe miongoni mwao. Upendo bila sindano za kutosha uliua. Na Kikwit, mwaka 1995, masista sita Waitaliano walikufa kwa ugonjwa uleule. Wao walitoa sehemu yao yote. Serikali ilitoa yake?

Kuhusu Ebola, kuna hesabu moja ninayotaka wabunge wetu waiweke ukutani. Tangu 2018 hata 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, Ebola iliua watu 2,287. Ulimwengu ulileta mamia ya milioni ya dola, magari meupe yakajaa Beni na Butembo. Katika wakati huohuo surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wasiotimiza miaka mitano. Surua! Ugonjwa ambao chanjo yake ni ya bei ndogo na inajulikana tangu miaka mingi. Lakini chanjo inataka friji yenye baridi, inataka pikipiki yenye petroli, inataka mwuguzaji aliyelipwa kwenda kijijini siku iliyopangwa, mwezi kwa mwezi, hata kama hakuna mwandishi wa gazeti anayemtazama. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuishi kwa michango ya ghafla. Ni kazi ya Serikali.

Sasa tufike kwenye neno gumu, ambalo ninalisikia kila mahali, hata mlangoni mwa kanisa: "Ukiwaongezea fedha, watakula." Sitawadharau wanaosema hivyo. Mwezi wa Machi 2020 korti ilimhukumu waziri wa afya wa zamani kazi ya kulazimishwa miaka mitano kwa wizi wa fedha za Ebola; yeye alikana, lakini hukumu ilitolewa. Kweli, fedha huliwa. Lakini tufikiri. Mkulima ambaye panya wamekula mbegu zake, je, ataacha kulima? Atatafuta paka. Tena fedha tunayolipa mlangoni mwa hospitali, ile isiyo na risiti, si ndiyo inayoliwa kwa urahisi kuliko zote? Fedha ya Serikali ina kitabu, na kitabu kinaweza kufunguliwa. Katika kila eneo la afya kuna kamati ya raia, CODESA. Mahali pengi wajumbe wake huitwa tu siku ya kubeba matofali au kutangaza chanjo. Wapewe haki ya kuona hesabu: dawa ngapi zimeletwa, franka ngapi zimeingia.

Wapo pia wanaosema kwamba dawa ya bure hudharauliwa. Hao waende Burundi, si mbali. Mwaka 2006 Serikali ya huko iliondoa malipo kwa wazazi na kwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Akina mama walimiminika hata vitanda vikapungua. Walikuwa wanangoja nini zamani? Walikuwa hawana fedha, basi. Kweli, mwanzoni mambo yalivurugika: hospitali zilidai Serikali, malipo yakachelewa, dawa zikaisha. Ilibidi watengeneze namna bora ya kuzilipa hospitali. Lakini Burundi haina kobalti. Sisi tunatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu wote, na tangu sheria ya madini ya 2018 malipo ya kobalti yamepandishwa hata sehemu 10 katika mia. Jirani maskini ametutangulia, sisi tunahesabu franka za mama mzazi.

Mwezi wa Septemba 2023 Serikali yetu nayo ilianza Kinshasa mpango wa kuzaa bure. Mimi ninaupokea kwa furaha, lakini kwa jicho wazi. Tuliona mwaka 2019 shule za msingi zilipotangazwa bure: watoto walijaa darasani, na walimu wengi wakabaki bila mshahara. Kusema "bure" ni rahisi. Maana yake ni kwamba mwingine analipa. Ikiwa Serikali inatangaza bure na hailipi hospitali kwa wakati, glovu zitaisha, mwuguzaji atamnong'oneza mama alete kitu kidogo, na tutarudi kwenye mkeka. Heri mpango mdogo unaolipwa kila mwezi kuliko mpango mkubwa wa redioni.

Kwa hiyo tusiombe "afya" kwa jumla, kama watu wanaoomba mvua. Bajeti ya mwaka unaofuata inapaswa kufikishwa katika Baraza la Wabunge si baada ya tarehe 15 Septemba. Ndivyo sheria ya msingi isemavyo katika kifungu cha 126. Na mbunge hurudi kwao wakati wa likizo, huja kanisani, hukaa kiti cha mbele. Baada ya Misa, wazee wa parokia na wamama wa CODESA wamwendee kwa heshima na maswali matatu. Mwaka uliopita, zoni yetu ya afya iliandikiwa franka ngapi? Ngapi zilifika? Na wauguzaji wangapi wa hospitali yetu wameandikwa katika orodha ya mishahara? Akijibu kwamba hajui, wampe juma mbili, kisha warudi kwake na daftari.