Darasa Bubu, Kijiwe Kinasema

Nauliza, na atakayekasirika akasirike: darasa la sekondari ni mahali pa kufikiri au pa kunakili?

Tangu 1967 watoto wengi wa Tanzania wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakivuka kidato cha kwanza, masomo karibu yote ni umombo. Mwalimu akiuliza swali, kimya! Si kwamba vichwa ni vitupu, bwana. Kijana jibu analo, ila anahangaika na sarufi mpaka kengele inalia.

Jioni sasa, kwenye kundi la WhatsApp, tena kwa simu za wazazi, mabubu wale wale wanatema cheche. Sisi darasani tulinakili sababu za kushindwa kwa Maji Maji, namba moja hadi sita, basi. Kundini mwenzetu akauliza: Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, mbona watu waliendelea kupigana hadi 1907? Usingizi ukaisha! Huyu kaleta masimulizi ya babu yake wa Songea, yule kapinga kwamba kilichowamaliza watu ni njaa, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Hilo ndilo somo la historia.

Walimu je, wanalitumiaje kundi? Kutangaza michango na kumwaga maswali ya mitihani iliyopita! Hata shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wengi wetu tuliletewa picha za madaftari. Kunakili kule kule, safari hii kwa bando.

Wazee watasema simu inaleta matusi na picha chafu. Kweli, yapo. Lakini kijiwe kisicho na mkubwa hakikosi matusi. Dawa ni mkubwa kuketi kijiweni, si kuvunja benchi.

Na asiye na simu? Hiyo ni hoja nzito. Basi mwalimu atupe swali moja jioni. Asubuhi achague hoja mbili tatu zinazogongana, aziandike ubaoni, na asiye na simu naye ashike chaki apinge. Mjadala uanzie kundini, uishie darasani.

Jamani, anayefundishwa kunyamaza miaka minne atasemaje akidhulumiwa kazini? Nasi tunaoota kuandika riwaya, wahusika wenye ndimi tutawatoa wapi?

Walimu, ingieni kijiweni. Ulizeni, kisha mtuache tujibu kwa lugha tunayofikiria.