Tulivyofundishwa Kupika

Katika somo la kemia la mwaka wa kwanza chuoni, jambo la kwanza nililojifunza barabara lilikuwa kudanganya. Nasema hivi bila mzaha.

Zoezi lenyewe lilikuwa titresheni. Unapima kwa pipeti sentimita 25 za ujazo za haidroksidi ya sodiamu, unadondoshea kiashiria, halafu unafungulia asidi kutoka kwenye bureti, tone baada ya tone, mpaka rangi ibadilike. Sekondari niliyosoma haikuwa na maabara. Bureti niliijua kwa chaki ubaoni. Kwa hiyo niliisuuza kwa maji matupu, nikaijaza asidi, nikaanza. Namba zangu zikaja hivi: 26.0, kisha 25.5, kisha 25.2.

Mezani kwa msimamizi kulikuwa na namba moja tu: 25.0. Aliyeikaribia alipata alama, aliyekuwa mbali nayo alikosa. Wenzetu wa mwaka wa pili walikwisha kutunong'oneza kwamba matokeo hupikwa. Nikafuta, nikaandika 25.0, 25.1, 25.0. Nikapewa tisa juu ya kumi. Jirani yangu aliandika alichokiona, akapewa tatu.

Sasa, ndugu msomaji, zitazame tena namba zangu za kweli. Mbona zilikuwa zikishuka? Kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya bureti yaliizimua asidi, na kila nilipoongeza asidi mpya, maji yale yalizidi kupungua. Bureti ilikuwa ikinifundisha kemia! Lakini hapakuwa na mtu wa kuuliza kwa nini.

Wapo watakaonijibu kwamba wanafunzi ni wengi, wasimamizi ni wachache, na kusahihisha kwa namba moja ni rahisi. Wengine watasema mwanakemia lazima azoee usahihi. Wingi nauelewa. Lakini ni usahihi gani huo, ikiwa jibu linajulikana kabla bureti haijajazwa? Huo ni usahihi wa kunakili. Mpeni kila mwanafunzi asidi ambayo nguvu yake haijui, tofauti na ya jirani yake. Tazameni kama vipimo vyake vitatu vinakubaliana. Na aliyekosea, kisha akaeleza kosa lake, mpeni alama za maelezo. Hayo hayahitaji jengo jipya wala fedha za wafadhili.

Au mnadhani ni jambo dogo? Wanafunzi hao ndio watakaokwenda kupima dawa, vyakula na maji. Huko Arusha, kandokando ya Mlima Meru, maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wa huko yanatuambia mengine. Siku moja mtu atasimama maabara na chupa ya maji ya kijiji, na namba itakayotoka haitampendeza aliyeagiza kipimo. Aliyezoea kufuta 26.0 na kuandika 25.0 atafanya nini?

Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulikunjwa, ila kwa upande usiofaa. Siku ile mwanakemia pale mezani alikuwa jirani yangu wa alama tatu, nami sikuwahi kumwambia.